Mlima Haupandwi kwa Njaa

Kila Jumapili jioni, kwenye grupu letu la WhatsApp la baiskeli, kuna mtu alikuwa anatuma orodha. Si ya waliomaliza safari, wala ya waliosimama kumsaidia mwenzao kubadilisha tyubu. Ilikuwa orodha ya kilo. Jina lako, uzito wa wiki jana, uzito wa leo, na mshale. Ukipungua, mshale wa kijani na makofi. Ukiongezeka, mshale mwekundu na utani: chapati zitakuzika Kona Baridi.

Mimi nilikuwa wa mshale wa kijani. Wiki sita mfululizo. Na katika hizo wiki sita sikuwahi kupanda mlima wowote haraka kuliko nilivyoupanda kabla sijaanza kujipima.

Kuna dada tuliyekuwa tukiendesha naye, mtu wa kucheka hata akiwa wa mwisho. Mshale wake ulikuwa mwekundu mara tatu. Ya nne ikatufikia habari kwamba ametoka kwenye grupu bila kuaga. Mmoja wetu akaandika, "Mlima si wa kila mtu." Watu wakaweka vidole gumba. Na mimi niliweka. Makala hii ni ya kukiondoa kidole changu.

Najua hoja yao, maana niliisema kwa mdomo wangu. Ukipanda, unapigana na mvuto wa dunia, na mvuto unahesabu kilo. Kwa hivyo kinachojalisha ni nguvu yako kwa wati ukigawanya kwa uzito wako. Sawa, hesabu ni hesabu. Lakini wasee, hiyo ni sehemu yenye namba mbili, ya juu na ya chini, na sisi tumeng'ang'ania ya chini kana kwamba ya juu haipo.

Chukua mtu wa kilo 70 anayeweza kushikilia wati 210. Hizo ni wati 3 kwa kila kilo. Ajinyime chakula hadi afike kilo 66, misuli iishe na usingizi upotee, nguvu ishuke hadi wati 180. Amebaki na 2.7. Amekuwa mwepesi na amekuwa mpole. Mwenzake aliyekula ugali wake, akafanya mazoezi hadi akafika wati 225 akiwa na kilo zilezile 70, yuko 3.2. Mshale wake kwenye orodha haujasonga hata kidogo, lakini ndiye atakayekungoja juu.

Wengine, wenye ganji, hawajinyimi chakula. Wananunua kaboni. Haya, tuhesabu tena. Wewe kilo 70, baiskeli kilo 10, jumla 80. Nunua nyepesi kwa kilo 2 na umepunguza asilimia mbili na nusu. Kwenye mlima mkali wa dakika 20, umeokoa kama nusu dakika. Umekopa kwenye simu, umebadilisha baiskeli, halafu unasimama mara moja kuvuta pumzi na nusu dakika yote imerudi. Anayependa vitu vizuri anunue, sina shida naye. Shida yangu ni kumwambia mtoi anayeanza na baiskeli ya mtumba ya Gikomba ati hawezi kupanda kwa sababu ya chuma chake.

Kinachomzuia mara nyingi ni gia, na hiyo hakuna anayeisema kwa sababu ya kiburi. Kuna imani mtaani kwamba gia nyepesi ni ya waoga. Mwanaume anasaga. Lakini angalia: mteremko wa asilimia 10, jumla ya kilo 80, wati 200. Utaenda kama kilomita 9 kwa saa, hakuna ujanja. Ukiwa na meno 34 mbele na 34 nyuma, miguu inazunguka kama mara 70 kwa dakika, unapumua, unaona barabara. Ukiwa na 39 mbele na 23 nyuma, mwendo ni uleule lakini miguu inazunguka mara 40 hivi, na kila pedali ni kama kupanda ngazi na gunia. Magoti ndiyo yanalipa. Kaseti yenye meno mengi fundi anakufungia mchana mmoja, mradi derela ya nyuma iweze kuibeba.

Watanitajia Chris Froome. Alizaliwa Nairobi 1985, akafundishwa na David Kinjah kule Kikuyu, akashinda Tour de France mara nne, na tazama alivyokuwa mwembamba. Ndiyo. Lakini huo wembamba ulilindwa na timu nzima: daktari, mpishi, mtu wa kukanda misuli, na kulala mchana kama sehemu ya kazi. Sisi tunalala saa tano, Jumatatu tunabanana kwenye matatu, halafu tunaiga tumbo la bingwa bila kuwa na jikoni lake. Na mwaka wa 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu wanamichezo wanaokula chini ya wanachotumia: mifupa inadhoofika, wanawake wanakosa hedhi, kinga inashuka, na uwezo wenyewe unapungua. Hao ni wanamichezo wenye madaktari. Sisi tuna mshale wa kijani.

Nilijua haya yote siku gani? Siku niliyokaa chini kando ya barabara ya kutoka Banana kwenda Limuru, katikati ya majani chai, macho yakiona nyota saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimetoka nyumbani na kikombe cha strungi bila sukari. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari; hewa huku ina presha ya robo tatu na kidogo tu ukilinganisha na ya Mombasa, na mimi nilikuwa nimeongeza njaa juu yake.

Akaja mzee na Black Mamba, madebe mawili ya maziwa nyuma. Hakuwa ameipanda. Alikuwa anaisukuma, polepole, bila aibu yoyote.

"Kijana, umekula?"

"Bado, mzee."

"Sasa ulitaka kupanda na nini?"

Akanipa ndizi mbili, akaendelea kusukuma. Nilipopata nguvu ya kusimama, alikuwa ameshapotea kwenye kona ya juu. Hana gia hata moja ya kubadilisha. Anajua tu pale anapoweza kuendesha, na pale ambapo kushuka ni akili. Grupu letu lingemwita nini? Lingemwandikia mshale wa rangi gani?

Basi nikaacha kujipima, nikaanza kupanda. Mara moja kwa wiki natafuta kilima cha dakika sita au saba, naupanda mara nne kwa kasi ambayo naweza kusema maneno matatu tu kwa pumzi moja, nikishuka taratibu kati yake. Siku nyingine naendesha polepole, polepole ya kweli, ya kupiga story. Naingiza gia nyepesi kabla mteremko haujaanza, si baada ya cheni kulia. Robo ya kwanza ya mlima najizuia hata nikipitwa. Wengi walionipita nimewakuta mbele wameinamia usukani. Nakula viazi vitamu kabla ya kutoka, na kitu kidogo kila dakika arobaini na tano hivi. Miezi mitatu. Kutoka upande wa Magadi hadi Kona Baridi nilipanda bila kusimama, mwenye kilo zaidi ya nilizokuwa nazo siku ya nyota.

Kwa hivyo, kwa wenzangu wa grupu: futeni orodha. Tangazeni mapema kwamba kusukuma baiskeli ni sehemu ya kupanda. Wa kwanza kufika juu angoje, na asianze kuondoka dakika ileile wa mwisho anapofika, maana huyo ndiye anayehitaji kupumzika zaidi. Na mtu akiwa mwekundu usoni, kabla hujamwambia kuhusu kilo zake, muulize swali la yule mzee.

Yule dada nilimpigia simu wiki jana. Aliniambia baiskeli imefungwa kwenye korido, tairi zote mbili hazina pumzi. Jumamosi naenda kwake na pampu.