Nani Alipe Nauli ya Afisa?

Mtu anayetaka kuasili mtoto hapa Kampala hukaguliwa nyumba yake. Afisa wa ustawi wa jamii, ambaye mitaani tunamwita probesheni, hufika, huuliza, hutazama, kisha huandika ripoti. Hakimu huisoma ripoti hiyo kabla ya kumkabidhi mtu huyo mtoto wa mwenzake maisha yote. Hoja yangu ni fupi, nami najua itawaudhi baadhi ya wasomaji: ripoti ambayo nauli yake imelipwa na anayekaguliwa ni barua ya sifa, na mahakama isingepaswa kuipokea.

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi hudhani tatizo letu ni ukosefu wa sheria. Sheria ya Watoto ya Uganda ilianza kutumika mwaka 1997. Inamtaka mwombaji awe na umri wa angalau miaka 25, na awe amemzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Inataka mtoto alelewe kwanza katika nyumba hiyo chini ya uangalizi wa afisa, na afisa huyo apeleke ripoti mahakamani. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliziba mwanya mkubwa. Kabla yake, wageni wengi waliomba amri ya ulezi katika Mahakama Kuu, wakaipata upesi, wakapanda ndege Entebbe na mtoto, kisha wakakamilisha kuasili huko kwao. Sasa ulezi wa kisheria huombwa na raia wa Uganda tu. Lakini marekebisho hayo hayo yalipunguza muda ambao mgeni lazima akae nchini na kumlea mtoto, kutoka miaka mitatu hadi mwaka mmoja. Kwa hiyo muda wa kuchunguza umekuwa mfupi, na uzito wote umemwangukia afisa mmoja na kalamu yake.

Afisa huyo anafanyaje kazi? Kabla ya kujiunga na chuo nilikuwa msaidizi kwa miaka mitatu katika ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa na pikipiki moja na hatukuwa na mafuta. Kesi za watoto waliopigwa, waliotupwa na waliokimbia nyumbani zilisubiri foleni moja na maombi ya kuasili. Mwombaji mwenye uwezo alipiga simu asubuhi: "Madam, nimtume dereva aje awachukue?" Tulichukuliwa kwa gari lake, tukala chakula cha mchana mezani kwake, na wakati wa kuondoka ikatolewa bahasha. Hakuna aliyeiita rushwa. Iliitwa "usafiri". Mwombaji asiye na gari alisubiri mwezi, miwili, mitatu. Bibi aliyeomba wajukuu wake warudishwe kutoka makao ya watoto alisubiri kuliko wote, maana hakuwa hata na nauli ya bodaboda ya kumletea afisa.

Kuna atakayesema kwamba huo ni udhaifu wa watu wachache, wafukuzwe tu. Nakataa. Hata afisa mwaminifu kabisa, akishakula ugali wa mtu na kupanda gari la mtu, kalamu yake hulegea. Hataandika uongo. Ataacha tu kuandika kwamba yaya alinyamaza ghafla mama mwenye nyumba alipoingia jikoni. Ripoti huharibika kwa yale yasiyoandikwa.

Na pale uaminifu ulipokosekana, tumekwisha kuona matokeo. Mwezi Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja wa Kampala na mwenzake, ikiwatuhumu kwamba walishiriki katika mpango wa kuasilisha watoto kwa hila. Kwa mujibu wa tuhuma hizo, wazazi wa vijijini waliahidiwa kwamba watoto wao wangepata elimu, kumbe walikuwa wanaandaliwa kuasiliwa na familia za Marekani. Siku hiyo hiyo waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka yanayohusu wakala mmoja wa Ohio, European Adoption Consultants. Mtu mmoja aliyefanya kazi na wakala huo alikuwa amekwisha kukiri kosa mwaka 2019. Magazeti yetu yalipiga kelele kuhusu majaji. Mimi naomba tutazame mwanzo wa mnyororo. Katika maelezo ya mashtaka hayo, watu wa kwanza kutajwa kuwa walihongwa ni maafisa wa ustawi, ili waandike ripoti za kupendekeza mtoto fulani apelekwe katika makao ya yatima. Jaji husaini mwishoni, lakini uyatima wa karatasi hutengenezwa mwanzoni, katika ripoti ya afisa.

Hapa nafika kwenye kosa la pili. Tunakagua nyumba isiyo ya kwanza. Nyumba ya kwanza kukaguliwa ingekuwa ile ambayo mtoto anatoka. Watoto wengi walio katika makao yetu wana mzazi hai, au shangazi, au nyanya. Afisa angepaswa kutumia siku tatu kumtafuta ssenga wa mtoto huko Mityana kabla ya kutumia nusu saa kusifu vigae vya sebule huko Muyenga. Lakini ssenga wa Mityana hana gari la kumtuma dereva. Hivyo umaskini wa jamaa husomwa kama kutokuwepo kwao, na faili huandikwa: "Hakuna ndugu aliyepatikana." Hakupatikana kwa sababu hakutafutwa.

Na hata tunapofika katika nyumba ya mwombaji, tunatazama nini? Fomu huuliza idadi ya vyumba, choo, maji, kipato na barua ya mwenyekiti wa LC1. Haya yana maana yake. Lakini mtu aliyekulia Buganda anajua kwamba hatari ya mtoto wa kuasiliwa haiko kwenye idadi ya vyumba. Iko siku ya msiba, mlezi anapofariki na ndugu zake wanakutana kugawa mali, na mmoja anasimama kuuliza: "Huyu ni wa ukoo gani?" Amri ya mahakama inampa mtoto haki zake, lakini amri haihudhurii kikao cha ukoo. Kwa hiyo maswali ya maana ni haya: Je, ndugu wa mwombaji wanajua kwamba analeta mtoto? Wamekubali? Mtoto ataambiwa ukweli lini na na nani? Akiuliza ukoo wake atajibiwa nini? Maswali hayo hayajibiwi kwa ziara moja iliyotangazwa siku mbili kabla, wakati nyumba imepigwa deki na watoto wamefundishwa la kusema. Hujibiwa kwa kurudi mara ya pili bila taarifa, kwa kukaa na yaya, na kwa kuzungumza na jirani anayesikia kilio usiku.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna neno la kuongeza hapa. Kitenzi chetu kuasili kimebeba ndani yake neno asili: anayeasili humpa mtoto asili mpya. Mama wa kijijini anayeombwa mtoto haelezwi hivyo. Yeye husikia habari za kulea na kusomesha, mambo ambayo jamii zetu zimeyafanya tangu zamani, na ambayo ndani yake mtoto hubaki wako na siku moja hurudi. Kisha huletewa karatasi ya Kiingereza abonyeze dole gumba. Hiyo siwezi kuiita ridhaa. Katika nchi ambayo Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na ambamo Luganda, Runyankole na Acholi husemwa na mamilioni, hakuna udhuru wa mzazi kutia dole kwenye maneno asiyoyaelewa. Ridhaa isomwe kwa lugha ya mzazi, mbele ya shahidi asiyelipwa na mwombaji, na mzazi aieleze tena kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kutia dole.

Nimesikia pingamizi moja lenye uzito. Wenzangu husema: ukiongeza ukaguzi unarefusha maisha ya mtoto ndani ya makao, na makao, hata yale mema, si nyumbani. Wanasema pia kwamba Waganda wa kawaida wanaanza tu kujitokeza kuasili, baada ya kampeni kama Ugandans Adopt ya Child's i Foundation, na tukiwatesa kwa maswali watakimbia. Nakubali kwamba kila mwezi ndani ya makao humgharimu mtoto. Lakini tuulize kinachochelewesha. Kwa niliyoyaona mimi, maswali hayakuchelewesha faili hata moja. Faili zililala kwa sababu afisa hakuwa na mafuta. Mpe nauli, na mwalimu wa shule ya msingi wa Kawempe anayetaka kulea atakaguliwa wiki ile ile na mfanyabiashara wa Kololo. Ukaguzi unaolipiwa na umma ndio utakaowafungulia mlango waombaji wa kipato kidogo.

Ninachodai, basi, kinatekelezeka. Nauli na posho ya ukaguzi zitoke katika fungu la wilaya, na mwombaji akatazwe kwa sheria kutoa hata lita moja ya mafuta. Kila ripoti ieleze ukurasa wa kwanza afisa alifikaje katika nyumba hiyo na nani alilipa. Hakuna faili lifike mahakamani bila maelezo ya safari za kuwatafuta jamaa: vijiji gani, siku gani, nani aliulizwa. Na hakimu anayepokea ripoti isiyo na maelezo hayo airudishe.

Serikali ikisema haina fedha, tuiulize kwa nini inazo za kununulia magari ya wakubwa. Mtoto hawezi kumtuma dereva. Katika kesi hii yote yeye ndiye mtu pekee asiyeweza kumlipa afisa, na ndiye pekee ambaye afisa aliajiriwa kwa ajili yake.