Mmewanyima Majani, Mnadai Matofali

Mchungaji wa usharika wa mjini Unguja husikia malalamiko mengi, lakini lipo moja ambalo halikosi kila wiki. Hulileta meneja wa hoteli, hulileta mwenye duka wa Darajani, hulileta mwalimu mkuu wa skuli, na mara nyingi hulileta mzee wa kanisa aliyeketi mbele yangu ofisini. Nalo ni hili: "Baba Mchungaji, watu wa hapa ni wavivu." Akisema mtu wa bara, wavivu ni Wazanzibari. Akisema Mzanzibari, wavivu ni vijana wa siku hizi. Akisema mgeni mwenye hoteli, wavivu ni sisi sote.

Neno hilo nalipinga. Nitalipinga kwa Biblia, kwa historia ya kisiwa hiki, na kwa kosa langu mwenyewe, kwa maana na mimi nimelitumia.

Tuanze na Kutoka sura ya 5. Musa na Haruni wanakwenda kwa Farao kuwaombea watu ruhusa ya kwenda kumwabudu Bwana. Farao hajibu hoja. Anasema watu hawa wana uvivu, ndiyo maana wanataka kwenda kutoa dhabihu. Siku ile ile anaamuru wasipewe tena majani ya kuchanganya na udongo. Wayatafute wenyewe mashambani, lakini hesabu ya matofali isipungue hata moja. Hesabu inapopungua, wanyapara wa Kiisraeli wanachapwa. Wanapokwenda kulalamika, Farao anawarudishia neno lile lile: wavivu. Tazama mpangilio wake. Jina lilitangulia. Kisha msaada wa kazi ukaondolewa, kipimo kikabaki kile kile, na matokeo yakawa ushahidi wa jina. Kila bosi anayetaka kuthibitisha kwamba watu wake ni wavivu anaweza kufuata njia hiyo, na atafanikiwa.

Kisiwa chetu kinaijua njia hiyo. Soko la watumwa la Mji Mkongwe lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipokubali mkataba na Waingereza. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo la ndugu zetu Waanglikana pale Mkunazini, mahali pa soko lenyewe. Tunapenda kuisimulia habari hii, na wageni hulipa kiingilio waisikie. Lakini tunaishia hapo. Biashara ilikoma sokoni, utumwa ukaendelea mashambani. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, na hata hapo fidia walipewa mabwana. Mtumwa aliyeomba uhuru wake hakupewa shamba wala mtaji. Alitakiwa aonyeshe kuwa ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Na watu wale walipokataa kuchuma karafuu kwa masharti ya zamani, wenye mashamba na maofisa wa serikali walisemaje? Walisema Mwafrika huru ni mvivu.

Miaka 51 baadaye neno hilo lilipata jibu. Agosti 1948 wafanyakazi wa bandari ya Unguja waliacha kazi. Gharama za maisha zilikuwa zimepanda baada ya vita na ujira haukutosha. Septemba moto ukaenea mjini ukawa mgomo mkuu. Watu waliobeba magunia ya karafuu na mchele ya kisiwa kizima hawangeweza kuitwa wavivu. Migongo yao ilijulikana. Walichokikosa ni mkuu wa kuwasikiliza kabla hawajaweka magunia chini.

Sasa njoo nami leo. Waumini wangu wengi ni wapishi, walinzi, wahudumu na mafundi wanaofanya kazi Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani. Wengi wametoka bara, hawana shangazi wala mjomba kisiwani wa kuwahifadhi. Kijana mmoja wa kwaya yetu alikuwa mhudumu wa meza katika hoteli ya pwani ya mashariki. Zamu yake iliisha saa tano usiku, na zamu ya asubuhi ilianza saa kumi na mbili. Mwanzoni palikuwa na gari la wafanyakazi. Gari likaondolewa ili kupunguza gharama. Saa ya kuripoti haikubadilika. Usiku huo daladala hakuna, na pikipiki ingekula karibu nusu ya kibarua cha siku. Akawa analala stoo, juu ya maboksi, au anatembea. Alipochelewa mara ya tatu alipewa barua ya onyo, na sababu iliyoandikwa ilikuwa "kutojituma". Aliniletea barua ile baada ya mazoezi ya kwaya. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu, "Baba Mchungaji, kujituma ni nini?"

Mambo haya hayajulikani kwa wachungaji peke yao. Mwaka 1986 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Robert Eisenberger, na wenzake walichapisha utafiti juu ya jambo hilo hilo: mfanyakazi akiamini kwamba mahali pa kazi panathamini mchango wake na kujali hali yake, hubadilikaje? Walipowachunguza walimu, waliona kwamba wale walioamini hivyo walikosa kazini mara chache zaidi. Mwaka 2002 yeye na Linda Rhoades walipitia tafiti zaidi ya 70 za namna hiyo. Mambo matatu yalionekana kujenga imani hiyo ya mfanyakazi: kutendewa haki, kusaidiwa na msimamizi wa karibu, na malipo pamoja na mazingira mazuri ya kazi. Na lililotangulia ni haki. Nitasema na upande wa pili ili nisidanganye: msaada huo ulionekana kugusa zaidi moyo wa mtu kwa kazi yake kuliko kiasi cha kazi anachotoa. Kumpa mtu majani hakuongezi matofali maradufu kesho yake. Lakini moyo ndio unaomfanya abaki, ndio unaomfanya azime taa ambayo hakuambiwa azime. Moyo huo hauji kwa barua ya onyo.

Boazi alilijua hilo bila utafiti. Soma Ruthu sura ya 2. Tajiri anafika shambani kutoka Bethlehemu, na neno lake la kwanza kwa wavunaji ni kuwatakia Bwana awe nao. Nao wanamjibu kwa baraka. Kisha anauliza habari za yule mwanamke mgeni. Anawaamuru vijana wasimguse. Anamwonyesha mitungi ya maji. Wakati wa chakula anamketisha pamoja na wavunaji na kumpa bisi hadi anashiba na kubakiza. Salamu, usalama, maji, chakula, na bwana anayejua nani yuko shambani mwake. Na Ruthu, mgeni asiye na ndugu pale, aliokota mpaka jioni. Je, mameneja wetu wangapi wanajua jina la dada anayefua mashuka?

Lakini nisiwarushie mameneja mawe huku nikisahau mimbara. Sisi wahubiri tumehubiri nusu ya Neno. Kolosai 3:22, inayowaambia watumwa watii, tunaijua kwa moyo. Mstari wa kwanza wa sura ya 4, ambapo Paulo anawageukia mabwana na kuwadai haki na usawa kwa sababu wao pia wana Bwana mbinguni, hatuufikii. Muda wa mahubiri umekwisha. Sisi Walutheri hatuna hata kisingizio. Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 ina orodha ya wajibu wa kila mtu katika nafasi yake, na pale mabwana wamewekwa pamoja na watumishi. Luther hakuwapendelea wavivu. Katika Katekisimu Kubwa, kwenye amri inayokataza kuiba, anawakemea watumishi wanaozembea kazi. Lakini ukurasa haujafika mbali anawageukia wakubwa wanaoiba wakiwa wameketi vitini mwao na watu wakiwaamkia kwa heshima. Tulipomfundisha kijana wa kipaimara kwamba kazi yake ni wito kutoka kwa Mungu, tulipaswa kumfundisha na mwajiri wake kwamba kumwezesha mtu huyo ni wito pia.

Na tunaishi kati ya majirani Waislamu ambao tangu utotoni wamefundishwa kumlipa mfanya kazi kabla jasho halijamkauka. Torati yetu, Kumbukumbu la Torati 24, inadai ujira ulipwe kabla jua halijatua. Aibu ni yetu mtu akilipwa vizuri zaidi na jirani asiye wa kanisa letu kuliko na mzee wa kanisa lake.

Sasa kosa langu. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwinjilisti aliyehudumia mtaa wetu wa shamba. Taarifa zake zilipungua. Wagonjwa hawakutembelewa, darasa la watoto lilisimama. Katika kikao cha baraza la wazee nilisoma taarifa yake mbele ya watu wote, naye ameketi palepale, nikasema kazi ya Mungu haitaki watu walegevu. Alinyamaza. Mama mmoja mzee wa kanisa, muuza samaki wa sokoni Darajani, akanyosha mkono. "Baba Mchungaji, samahani. Ile pikipiki ya mtaa iko wapi?" Ilikuwa kwa fundi. Ilikuwa kwa fundi mwezi wa nne huo, kwa sababu mimi sikuidhinisha fedha za vipuri. "Na nauli amepewa?" Hakupewa. "Na posho yake?" Ilikuwa nyuma miezi miwili, kwa sababu tulikuwa tunamalizia paa. Mama yule hakuongeza neno. Akaketi.

Nilikuwa nimesoma Kutoka sura ya 5 chuoni, kwa Kiebrania. Nimeihubiri mara nyingi. Sikuwahi kujiona ndani yake mahali pengine isipokuwa upande wa Waisraeli. Siku ile nilijiona ninapoketi. Nilimwomba radhi mwinjilisti palepale kikaoni, kwa kuwa palepale ndipo nilipomvunjia heshima. Posho yake ililipwa, pikipiki ikatoka. Alirudi kazini, ingawa si siku ile wala wiki ile. Ilimchukua muda kuniamini tena, na nadhani kuna sehemu ambayo hakunirudishia. Hiyo ndiyo gharama ambayo kitabu cha hesabu cha usharika hakiionyeshi.

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema: lakini wavivu wapo kweli. Wapo. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile, na sitaifuta sura hiyo. Ila Paulo alisema asiyetaka. Hakusema asiyeweza kwa kuwa gari limeondolewa. Kabla hujamwita mtu asiyetaka, mpe kwanza cha kufanyia kazi, halafu mpime. Wengine watasema: biashara ni ngumu, masika hoteli zinafungwa, wageni hawaji. Nakubali. Sote tuliuona mwaka 2020, fukwe zikiwa tupu na vijana wetu wakirudi bara na mabegi yao. Bosi hawezi kutoa asichonacho. Lakini salamu haigharimu dola. Kumweleza mtu kwa nini gari limeondolewa, na kusogeza zamu yake kwa saa moja, hakuhitaji mkopo wa benki. Na kama hesabu ya majani imepungua, hesabu ya matofali nayo ipungue.

Wapo na watakaosema, hasa ndani ya kanisa, kwamba mtumishi wa Mungu hungoja thawabu mbinguni. Neno hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linatumia jina la Mungu kuficha deni. Yakobo, katika sura ya 5, anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mtumishi anangoja thawabu yake, sawa. Na sisi tunangoja nini?

Basi naliomba kila baraza la wazee litakalosoma haya lifanye jambo moja kabla ya kikao kijacho. Andikeni majina ya wote wanaolifanyia kazi kanisa lenu: mwinjilisti, mlinzi, mwalimu wa chekechea, mama anayefagia. Mbele ya kila jina andikeni tunachomdai, na kando yake andikeni tulichompa cha kufanyia. Msijadili uvivu wa mtu yeyote mpaka safu ya pili ijae. Na wewe ndugu mwajiri unayeketi benchi la mbele Jumapili, fanya hivyo hivyo dukani kwako na hotelini kwako. Yule kijana wa kwaya bado anangoja jibu la swali lake, na halikuwa swali la mchungaji peke yake.