Nyumba ya Udongo Si Ushamba

Wasee, leo tuongee kuhusu nyumba. Si za Kilimani wala Runda. Twende mbali hadi Iceland, kisiwa kilicho karibu na Aktiki, ambako mwishoni mwa Desemba jua linachomoza kama saa tano asubuhi na kufika saa tisa unusu limeshazama.

Umewahi kuona picha za nyumba zao za kale? Paa limeota majani, ukuta ni udongo, mlango mdogo wa mbao. Kila zikipostiwa, kwa komenti hakosi wa kucheka ati hao watu waliishi kama fuko. Mimi nasema hivi: hiyo nyumba ina akili kuliko keja nyingi tunazolipia kodi hapa Nairobi.

Cheki vile ilijengwa. Wanorse walianza kuhamia huko karne ya 9. Walikata miti kwa kasi, na miti ya huko ni mifupi na hukua polepole, kwa hivyo mbao za maana zikawa adimu. Wakaokota magogo yaliyoletwa na bahari. Ukuta nao wakautoa chini ya miguu yao: walienda kwenye kinamasi, wakakata vipande vya ardhi pamoja na nyasi na mizizi yake. Mizizi ndiyo siri, inashikilia udongo usimomonyoke. Vipande vikapangwa kwa mshazari kama mifupa ya samaki, juu ya msingi wa mawe. Ukuta ungeweza kufika unene wa mita moja na zaidi. Upepo upitie wapi?

Hata mwinuko wa paa ulikuwa hesabu. Likilala sana, maji yanaingia ndani. Likisimama sana, maji yanateremka haraka, nyasi zinakauka na paa linapasuka. Hakuna aliyeenda chuo kusomea hiyo kitu. Na mimi niliyeacha chuo katikati naiheshimu sana.

Ndani kulikuwa na chumba kinaitwa baðstofa. Humo watu walilala, mara nyingi wawili kitanda kimoja, wakala, wakasokota sufu jioni huku mmoja akisoma hadithi kwa sauti. Kuni zilikuwa haba, kwa hivyo joto kubwa lilikuwa la miili yao. Kwingine ng'ombe waliwekwa chini na watu wakalala juu yao, joto la ng'ombe likipanda bure.

Sitakudanganya ati ilikuwa raha. Kulikuwa na giza, unyevu na moshi, na ukuta ulitaka kukarabatiwa kila mara. Watu walipopata saruji karne ya 20, walihama, na singewalaumu. Shida ni kile kilichofuata: nyumba hizo zikaonekana aibu, alama ya umaskini, na nyingi zikabomolewa ama zikaachwa zianguke. Glaumbær, moja ya zile maarufu zilizobaki, ilikaliwa hadi 1947. Sai ni makumbusho, na watalii wanalipa kuingia. Wale wanaojua kukata na kupanga huo udongo wamebaki wachache.

Sasa tujiangalie. Ushago, mtu akijenga kwa mabati matupu tunasema ameendelea. Akibaki kwa ukuta wa udongo, tunasema amebaki nyuma. Lakini ingia kwa hiyo ya mabati saa nane mchana uone kama si oveni. Rudi usiku, ni friji. Ile ya udongo mnene na paa la nyasi ina baridi mchana na joto usiku, na haijakuomba stima.

Sisemi turudi wote kwa matope. Nyasi huvuja, mchwa nao hawana huruma. Nasema tuache kupima akili ya mtu kwa bei ya vitu alivyojengea. Swali la maana ni moja: hii nyumba inaelewa hali ya hewa ya hapa ama imenakiliwa tu kutoka kwingine?

Likizo ijayo ukienda ushago, tafuta mzee ama shosh anayejua kuchanganya ule udongo. Muulize anachukua upi, anaweka nini ndani, anakanda siku ngapi. Mrekodi kwa simu, na umsaidie kukanda pia. Makumbusho huja baadaye, wakati hakuna tena wa kuulizwa.