Nyumba ya Wageni ya George

Mtu avukaye daraja la London kwenda kusini, akaishika barabara kuu ya Borough, ataona upande wake wa kushoto vichochoro viingiavyo nyuma ya maduka. Kimoja kati ya hivyo humfikisha katika ua, na mkono wake wa kuume husimama nyumba ndefu ya ghorofa, yenye roshani za mti zilizopangana moja juu ya mwenziwe. Hiyo ndiyo George, nyumba ya wageni ya zama za magari ya farasi. Nayo ndiyo ya pekee yenye roshani za namna hiyo iliyosalia katika London nzima.

Zamani nyumba kama hizo zilisongamana mahali hapo, na sababu yake ni daraja. Mpaka mwaka 1750, lilipofunguliwa lile la Westminster, mji wa London haukuwa na daraja jingine la kuvukia mto Thames. Wote watokao Kent na bandari ya Dover walipita njia hiyo, na aliyechelewa akakuta lango la daraja limefungwa hakuwa na budi kulala ng'ambo. John Stow, aliyeandika habari za mji huo mwaka 1598, aliitaja George pamoja na jirani yake Tabard, ambamo mshairi Chaucer aliwakutanisha mahujaji wake waendao Canterbury.

Mwaka 1676 moto mkubwa uliteketeza mtaa huo, na George ikaungua. Mwaka uliofuata ikajengwa upya, na mafundi wakarudia mti.

Ujenzi huo hautakuwa mgeni kwa mtu wa pwani yetu aijuaye nyumba ya miti na udongo. Nguvu ya nyumba imo katika nguzo na boriti, wala si katika ukuta, kwa kuwa ukuta huziba nafasi tu. Seremala wa Kiingereza alichonga ulimi katika ncha ya mti mmoja, akautia katika tundu la mti mwingine, kisha akakaza kwa kigingi cha mti. Kiungo hicho huweza kulegea kidogo na kuinama bila kuvunjika, na ndiyo maana nyumba nyingi za namna hiyo zimepinda kama wazee lakini hazijaanguka.

Roshani nazo hazikuwa pambo. Zilikuwa njia ya kuendea vyumba, kila mlango ukifunguka nje, hata ndani pasipotee nafasi. Chini, magari yaliingia uani, farasi wakafunguliwa na mizigo ikashushwa, huku wageni wakitazama kutoka juu. Si ajabu kwamba kabla ya kujengwa majumba ya michezo ya kuigiza, wachezaji walipenda nyua kama hizo, maana mahali pa watazamaji palikuwa tayari.

Moto haukuimaliza George. Reli ilikaribia kuimaliza. Stesheni ya London Bridge ilifunguliwa mwaka 1836, hatua chache tu kutoka langoni pake, na abiria wa magari ya farasi wakahamia garimoshi. Tabard ilibomolewa katika miaka ya 1870. George iliangukia mikononi mwa kampuni ya reli ya Great Northern, iliyoufanya ua wake mahali pa kuwekea mizigo, na mwaka 1889 ikabomoa pande mbili za jengo. Ukabaki upande wa kusini peke yake. Hasara hiyo haikuwa ya lazima, kwa kuwa ghala lingeweza kujengwa popote.

Lakini yapasa kusema pia kwamba kampuni iliyorithi mali hiyo, London and North Eastern, iliitoa nyumba mwaka 1937 kwa chama cha National Trust, kitunzacho majengo na ardhi ya kale ya Uingereza. Hakuna alalaye humo sasa. Watu huja kunywa na kula, na meza zimepangwa uani, mahali palipokuwa pakisimama farasi.