AFYA NYUMBANI: Kiharusi hakingoji kesho

Mwezi huu tuongee juu ya kiharusi, ile hali ya mtu kupooza ghafla upande mmoja. Wengi kwetu husema "amerogwa", wanaanza kutafuta mganga. Saa zinapita, ubongo unazidi kufa.

Kiharusi ni nini? Damu haifiki sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umezibwa na damu iliyoganda, ama umepasuka. Chanzo kikubwa ni presha ya kupanda. Sukari na sigara pia huchangia.

Utakitambuaje? Tuseme uko pale Sonatubes unangoja gari, mama mmoja anaanza kuyumba. Watu wanacheka, eti amelewa. Wewe mwombe mambo matatu:

1. Atabasamu. Je, mdomo umeenda upande?
2. Ainue mikono yote miwili. Je, mmoja unashuka?
3. Aseme sentensi fupi. Je, ulimi ni mzito?

Alama moja tu inatosha. Piga 912, namba ya ambulansi za SAMU, useme wazi mko Sonatubes, upande wa barabara gani. Ukiwa kambini, mpelekeni kituo cha afya mara moja, hata usiku. Alama zikipotea baada ya dakika chache, bado aende: hilo ni onyo.

Tena angalia saa. Daktari atauliza mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, baada ya kichwa kupigwa picha ya skana.

Mkingoja, mlaze kwa ubavu. Usimpe maji, uji wala dawa, maana anaweza kupaliwa. Aspirini pia hapana: kama mshipa umepasuka, damu itazidi kutoka. Na msimchanje.

Akirudi nyumbani, kazi ni yetu sisi jamaa:

- Mgeuzeni kila baada ya saa 2, mkague matako na visigino asitoke vidonda.
- Ale akiwa ameketi wima, kidogo kidogo.
- Msimvute mkono uliolegea, bega litateguka. Mnyoosheni viungo polepole kila siku.
- Dawa ya presha anywe kila siku, hata akijisikia mzima. Chumvi ipungue.
- Ongeeni naye. Wengi husikia na kuelewa hata kama hawawezi kujibu. Msimzungumzie mbele yake kama vile hayupo. Na anayemuuguza naye apumzike, tupeane zamu.

Kazi ya nyumbani, kama kawaida ya mwalimu: wafundisheni watoto yale mambo matatu, na kila mtu mzima akapimwe presha mwezi huu. Presha haiumi, ndiyo maana inatudanganya.

Mbaki salama, tuonane mwezi ujao.