Sista Leonella na mlinzi wake



Huku Nungwi Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine. Wengi wetu tumetoka bara. Tunatandika vitanda vya wageni, tunapika, tunalinda mageti ya hoteli, na anayewahi Misa mara nyingi amebadilishana zamu na mwenzake Mwislamu, ambaye naye atarudishiwa Ijumaa. Ndiyo maana kuna swali linalorudi kila mara katika jumuiya zetu: sista akiuguza watu miaka na miaka mahali ambapo pengine hatabatizwa hata mmoja, Kanisa limepata nini?

Namjibu muulizaji kwa maisha ya Mwenye Heri Leonella Sgorbati. Alizaliwa Italia mwaka 1940, akajiunga na Masista Wamisionari wa Consolata mwaka 1963, akasomea uuguzi Uingereza, na mwaka 1970 akafika Kenya. Alifanya kazi hospitali za Mathari, Nyeri, na Nazareth, nje kidogo ya Nairobi. Kuanzia mwaka 1985 alikuwa mkufunzi mkuu wa chuo cha uuguzi Nkubu, Meru. Baadaye alichaguliwa kuwa mkuu wa masista wa shirika lake nchini Kenya. Hadi hapo ni maisha ya sista yeyote mchapakazi, na angeweza kuzeekea Kenya kwa amani.

Mwaka 2001 akaenda Mogadishu. Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka tangu 1991, hospitali zilikuwa zimebomoka na wauguzi wapya hawakuwa wakifundishwa. Leonella akaanzisha chuo cha uuguzi kwenye hospitali ya SOS, kikafunguliwa 2002. Wanafunzi wake walikuwa Waislamu. Hakuwahubiria. Aliwafundisha kumwosha mgonjwa, kufunga kidonda, kumhudumia mama anayejifungua, na kuyafanya hayo kwa heshima hata kama mgonjwa ni wa ukoo unaopigana na ukoo wako. Mwaka 2006 wa kwanza 34 walihitimu. Akawapeleka baadhi yao Kenya wakajiendeleze, ili siku moja Wasomali wafundishwe na Wasomali.

Hapo ndipo ninapoona utakatifu wake, hata kabla ya kifo. Alikuwa akiandaa watu wa kushika nafasi yake. Wangapi kati yetu, viongozi wa kwaya na wenyeviti wa kamati, tunafanya hivyo?

Alirudi Mogadishu Septemba 2006. Jumapili tarehe 17, mchana, alimaliza kufundisha akatoka hospitalini kuvuka barabara kwenda nyumbani kula na masista wenzake. Aliongozana na mlinzi wake, Mohamed Mahmud, Mwislamu na baba wa watoto wanne. Watu wenye silaha wakawafyatulia risasi. Mohamed alijaribu kumkinga sista, akafa. Leonella alifia hospitalini, na neno la mwisho lililosikika kinywani mwake, akilirudia, lilikuwa: nasamehe. Mei 26, 2018, alitangazwa Mwenye Heri huko Piacenza.

Neno hilo ni jepesi likisomwa. Sisi wa Unguja tunaujua uzito wake, kwa kuwa Jumapili nyingine, Februari 17, 2013, Padre Evaristus Mushi alipigwa risasi akienda kuadhimisha Misa hapa kisiwani. Wapo ambao uchungu huo haujawatoka, na sitawalaumu. Kusamehe hakuondoi kazi ya polisi wala ya mahakama. Ila kunatukataza jambo moja: kumtazama jirani anayekuletea futari Ramadhani kana kwamba yeye ndiye aliyeshika bunduki.

Kisiwa chetu kimewahi kuiona huduma ya namna hii. Desemba 1860, Padre Armand Fava na Masista Mabinti wa Maria kutoka Réunion walitua Zanzibar, enzi za Sultani Majid, katika mji ambao watu walikuwa wakiuzwa mnadani. Miongoni mwa mambo ya kwanza waliyofungua ni hospitali. Shirika lao, lililoanzishwa 1849, lilikuwa likiwapokea hata wanawake waliotoka utumwani kuwa masista. Ukisoma Mathayo 25 utaona kwamba Mfalme hamuulizi mtu aliyemtembelea mgonjwa kama mgonjwa huyo alibatizwa.

Lakini kuna kitu kinachonisumbua. Tunapomsimulia Leonella, Mohamed Mahmud huwa ni "mlinzi wake" tu, kisha tunaendelea. Naye alikuwa na mlango wa kutokea siku ile. Alikuwa na silaha, na alikuwa na watoto wanne, sababu tosha ya kujiokoa. Hakujiokoa. Kristo alisema nini juu ya upendo wa mtu anayetoa uhai wake, kila Mkristo anakijua kwa moyo.

Septemba 17 ni siku tunayomkumbuka Leonella. Napendekeza mwaka huu, katika vigango vya huku kaskazini, anayeandikisha nia ya Misa siku hiyo amtaje pia Mohamed Mahmud na watoto wake wanne. Najua wapo watakaouliza kama inaruhusiwa kumwombea Mwislamu kwenye Misa. Inaruhusiwa. Na anayemaliza Misa akamkuta mwenzake wa zamu getini, amsimulie habari ya watu hawa wawili.