Asiyeandika Huandikiwa
Mtoto wa hapa Miteja akiokota jiwe lenye alama ya kombe, tunamwambia: liache, hayo ni mambo ya wataalamu. Wataalamu gani? Kule Tendaguru, mkoa wetu huuhuu wa Lindi, waliochimba mifupa ya mjusi mkubwa mwaka 1909 hadi 1913 ni babu zetu, na msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mjusi akapelekwa Berlin, akapewa jina la brancai, kumheshimu mkurugenzi Branca aliyebaki hukohuko Ujerumani. Boheti alisubiri hadi 2007, mjusi mwingine alipoitwa Australodocus bohetii. Basi, mwanangu, shika daftari. Lichore jiwe. Andika ulipoliona, tarehe, na jina lako. Asiyeandika huandikiwa.